Kofia ya Malachy

Mgeni wa harusi kwetu Sligo anajua la kutarajia. Atalowa kidogo mlangoni mwa kanisa, atasubiri watu wapigwe picha mpaka njaa imtoe machozi, atalishwa nyama ya ng'ombe na viazi vilivyopikwa namna tatu, kisha wanaume watasimama mmoja baada ya mwingine kuhutubu huku wenzao mezani wakiwekeana dau ni nani atakayechosha watu zaidi. Mimi na mume wangu Malachy hatukuwa na la kutarajia, maana hatukualikwa. Na bibi harusi tulimlea sisi.

Nuala aliachwa na mama yake bado anatambaa. Baba yake, Colman, ndiye kaka mkubwa wa Malachy, na nyumba zetu zimetenganishwa na shamba moja tu. Mtoto alikula kwetu, akaoga kwetu, akajifunza kucheza kwenye sakafu ya jiko langu, Malachy akimpigia mdundo kwa kijiko juu ya meza. Sisi Mungu hakutujalia mtoto. Siku aliyoniita mama mdogo kwa mara ya kwanza nilienda kulia kwenye banda la kuku, nisionekane.

Kilichotutenga na Colman ni kifo cha mama yao wawili, Bi Honor. Miaka yake ya mwisho aliishi nyumba ya wazee mjini, na ndugu hao wawili walipokezana kukaa naye. Siku ya zamu ya Malachy, jirani alikuja mbio kumwambia ng'ombe wetu ameshindwa kuzaa. Malachy akambusu mama yake, akamwambia anarudi sasa hivi. Alipokuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya ng'ombe, koti lake likining'inia langoni na simu ikiwa mfukoni mwa koti, Bi Honor alikata roho, na kando yake hakuwepo mtu.

Siku ya maziko Malachy alipoinamisha bega apokee jeneza, Colman alimsukuma. Alimsukuma mbele ya padri na parokia nzima, akasema, "Wewe ulimwacha mama ukamfuata ng'ombe. Nenda kambebe ng'ombe wako." Basi. Toka siku hiyo ni miaka sita hawajasemezana. Wenye busara husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mimi nililima kweli, nikafunga mdomo. Lakini nilikuwa namwona mume wangu. Wiki ileile aliuza yule ng'ombe na ndama wake, wala hakufuga tena ng'ombe wa maziwa. Makaburini aliacha kwenda. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia, "Nitamwambia nini mama?"

Kwa hiyo kadi za harusi zilipopita kijijini, yetu haikuwemo. Hata ule mwaliko wa kinyonge wa kuja jioni tu, chakula kikishaliwa, ambao kwetu hupewa watu wa kazini na majirani wa mbali, hatukuupata. Nuala alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni macho mekundu.

"Mama mdogo, nimemwambia baba kila neno ninalolijua. Anasema mkiingia nyinyi, anatoka yeye. Nifanyeje? Niende madhabahuni bila baba?"

"Nenda na baba yako," nikamwambia. "Sisi tutakula nyama yetu hapahapa."

Nilisema kwa sauti ya kucheka. Moyoni nilikuwa namlaani Colman kwa majina yote ya watakatifu.

Siku moja kabla ya harusi nilimwona Malachy anatoka na sanamu ya Mtoto Yesu, ile inayokaa juu ya kabati na taji lake, akaiweka chini ya ua wa miti ili mvua isinyeshe. Kila nyumba yenye mtoto anayeolewa hufanya hivyo. Nikamwambia, "Mzee, wewe hata kipande cha keki hupati, na bado unamwombea jua?"

"Jua si la Colman," akanijibu.

Ndipo nikagundua kwamba banda lake la zana lilikuwa limefungwa kwa ndani siku kadhaa. Nilisukuma mlango nikamkuta anasuka. Alikuwa na mabua membamba ya shayiri ya mavuno yaliyopita, ameyalowesha yalainike, na magotini alikuwa na kofia iliyokaribia kwisha, ndefu, ya kuchongoka, ya kumfunika mtu uso mzima hadi mabegani.

Vijana wa mabua hawaalikwi. Hiyo ndiyo maana yao. Jioni ya harusi wanatokea wamejifunika mabua kichwani, mabegani na kiunoni, wanaingia bila hodi, wanacheza, wanamzungusha bibi harusi, wanamwachia heri, wanaondoka. Kapteni wao peke yake ndiye anayesema. Wengine ni kimya, na hakuna anayewauliza majina, hata kama chini ya majani umeviona viatu vya mwanao. Anayewafukuza ameifukuza heri ya bintiye. Colman angeweza kumfungia ndugu yake mlango, lakini mtu wa mabua hawezi.

"Lorcan amenipa nafasi kwenye kundi," Malachy akasema bila kuinua macho. Lorcan ni fundi magari wetu, na ndiye kapteni. "Nitacheza na Nuala mara moja tu, Attracta. Mara moja, kisha natoka. Hatajua mtu."

Niliitazama ile kofia. Kileleni alikuwa ameisuka misuko mitatu iliyopindia kushoto na kuishia kwenye kifundo kidogo. Ule ni msuko wa Bi Honor, na katika wanawe ni Malachy tu aliyeuweza. Colman vidole vyake vilikuwa vizito tangu utotoni. Nilitaka kumwambia, mume wangu, umejiandika jina kichwani. Sikumwambia. Nilifikiri labda ndivyo anavyotaka.

Jua liliwaka siku ya harusi kama la nchi za watu. Jioni, saa mwangaza wetu wa kiangazi unapokataa kuondoka, nilimpeleka Malachy kwa gari hadi nyuma ya hoteli, kwenye ua wa jikoni. Wenzake walikuwa wamekwisha kujifunga, wanasukumana na kucheka ndani ya mabua. Walikuwa wanane pamoja naye, jozi nne, na ngoma yao haichezwi kwa pungufu.

Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Tukamsikia Colman kwenye kipaza sauti. Hotuba zilikuwa zimechelewa, kama kawaida.

"...na pale mbele," alikuwa anasema, "mmeona kiti kitupu chenye shali. Hicho ni cha mama yangu. Nimemwekea kiti, ili leo asiwe peke yake."

Watu wakapiga makofi. Malachy aliketi juu ya pipa tupu la bia, kofia ya mabua mikononi.

"Siwezi," akasema.

"Mzee, usianze."

"Kiti chake kipo mle ndani, Attracta. Nitacheza mbele ya kiti chake? Mimi?"

Lorcan akaja, majani yakichakacha. "Ba'mdogo, vipi tena? Wapiga muziki wananisubiri mimi. Tukiwa saba tutachezaje, mmoja akumbatie mlango?"

"Nisamehe, kijana. Miguu imekataa."

Nilimtazama mume wangu juu ya lile pipa, mtu aliyefundisha mtoto kucheza, amekaa na mapipa ya takataka huku mtoto wake akiolewa ng'ambo ya ukuta. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikavua viatu vyangu.

"Lete hivyo viatu vyako," nikamwambia. "Na hiyo suruali uliyovaa juu ya nyingine. Na kofia."

"Unafanya nini?"

"Mguu wako mmoja ndani ya nyumba ile utaingia leo, hata kama nimeuvaa mimi."

Mimi ni mrefu. Mama yangu alikuwa akinisikitikia, akidhani sitapata mume wa kunifikia, na nilipompata Malachy tulikuwa tunatazamana macho kwa macho. Mabua yalinikaa sawasawa. Glavu zake za ngozi zilinifunika mikono.

Lorcan alijikuna. "Mama, hatua unazijua lakini?"

"Nimezicheza kabla mama yako hajaota jino. Tangulia."

Tukaingia. Ndani ya kofia ya mabua huoni ila vipande: taa, sahani, bega la mtu. Unasikia harufu ya shamba, na pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni. Lorcan akapaza sauti, "Mungu aibariki nyumba hii na wote waliomo!" na ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha. Filimbi na fidla zikaanza. Tulicheza ile ngoma ya jozi nne, tukapiga visigino mpaka vipande vya majani vikaruka juu ya meza za wageni, na sitaficha, kwa dakika chache nilisahau kilichonileta. Mwili una mambo yake.

Kisha mmoja mmoja tukamzungusha bibi harusi. Ilipofika zamu yangu, Nuala alinishika mikono, akaangalia juu kwenye kile kifundo cha kofia, na uso wake ukabadilika.

"Ba'mdogo," akaninong'oneza.

Nilikaza meno.

"Najua husemi. Usiseme. Nimeiona sanamu chini ya ua wenu tulipopita na gari asubuhi. Nikampigia Tiernan simu, nikamwambia, haya, mvua haitanyesha, mzee wangu amekwisha kuongea na wakubwa." Tiernan ndiye mumewe. Mtoto alikuwa anacheka na machozi yanateremka. "Asante kwa kuja. Ningeolewa nusu bila wewe."

Nilimzungusha. Ningefanya nini zaidi? Alinikumbatia, mabua yakamchoma shingo, wala hakujali. Nilijisikia mwizi. Nilikuwa nimebeba kumbatio la mtu mwingine, na mwenyewe ameketi uani na soksi.

Tulipokuwa tunajipanga kutoka, mtu alinishika mkono kwa nyuma. Alinivuta pembeni, karibu na kile kiti chenye shali. Kupitia mabua niliona ua jeupe kwenye koti, na kidevu ninachokifahamu, maana ni kidevu cha mume wangu pia. Alikuwa shemeji yangu Colman.

"Msuko wa mama huo," akasema kwa sauti ya chini. "Usijibu, Malachy. Ukijibu nitashindwa kusema. Nisikilize tu."

Nilisimama kama mti.

"Walinipigia mimi kwanza. Siku ile. Nilikuwa mnadani, mafahali wangu wanakaribia kuingizwa. Simu ikalia, nikaitoa, nikaiona namba ya nyumba ya wazee. Nikajua. Mungu wangu, nilijua. Nikasema moyoni, Malachy yupo, Malachy atamshika mkono, acha niuze kwanza. Nikairudisha mfukoni. Ikalia tena, nikaiacha."

Muziki ulikuwa umeanza upya nyuma yetu. Watu walikuwa wanaitana kucheza.

"Makaburini nilipokuona unainamisha bega, niliona kama mama ananitazama mimi. Nikakutupia wewe mzigo. Na ukaupokea, hukusema neno. Miaka yote hii umeubeba mzigo wangu na mimi nakupita barabarani kama sikujui. Kama umenisamehe, nibane mkono. Mara moja tu. Mimi nitajua."

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Ulikuwa wa moto na umelowa jasho. Nami nilikuwa na uwezo wa kuyamaliza yote pale pale; vidole vitano tu, nivikunje. Mtu angesema nivikunje, Nuala awe na furaha, wazee wapatane, twende nyumbani. Lakini nilikumbuka Malachy alivyokuwa akiliona koti lile likining'inia na kugeuza uso. Nikakumbuka ndama aliyeuzwa. Nilimchukia Colman kwa moyo wangu wote, na zaidi ya chuki kulikuwa na jambo lingine lililonizuia: msamaha ule haukuwa mali yangu.

Vidole vyangu havikusogea. Nilimsikia akisubiri. Kisha nilimsikia akielewa, au akidhani ameelewa, na mkono wake ukalegea wenyewe.

"Sawa," akasema. "Ni haki yako."

Nikatoka nje na wenzangu.

Malachy alikuwa bado juu ya pipa. Wapishi walikuwa wamempa kikombe cha chai, nacho kilikuwa kimepoa mkononi. Nilivua kofia, nywele zimenigandama usoni.

"Amecheza vizuri?" akauliza. Hakuuliza kingine.

"Amecheza. Alidhani mimi ni wewe. Amesema angeolewa nusu bila wewe."

Akainamisha kichwa. Lorcan na vijana walikuwa wanapakia mabua kwenye gari, wanakwenda zao baa. Yanayosikika chini ya mabua huachwa huko huko. Hata watoto wanajua. Lorcan aliponipita aliona uso wangu, akaninong'oneza, "Mama, chochote ulichokisikia mle, kimekwisha."

"Kwako wewe," nikamwambia.

Nikachuchumaa mbele ya mume wangu, nikamweleza. Sikupunguza wala sikuongeza. Mnada, mafahali, namba, simu iliyolia mara mbili. Alinisikiliza akiangalia chai yake.

"Namba aliiona?" akauliza.

"Aliiona."

"Akajua ni wao."

"Akajua."

Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika. Badala yake alikiweka kikombe chini polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Nimekuwa nikimwomba mama msamaha kila siku ya Mungu," akasema. "Kila siku. Nikinawa mikono naona damu ya yule ng'ombe." Halafu akasimama. "Alikuomba nini mwishoni?"

"Nimbane mkono kama umemsamehe."

"Ukambana?"

"Sikumbana. Ningembana kwa niaba ya nani?"

Alinitazama, na toka tuoane sijawahi kutazamwa vile. Kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Malachy! Viatu vyako!"

"Vaa wewe," akasema.

Nilimfuata, kiunoni bado nimefungwa mabua, yanadondoka njia nzima. Aliingia ukumbini na shati lake la shambani na soksi za kijivu, moja imetoboka kidole. Aliyemwona kwanza ni bibi mmoja wa meza ya mlangoni, akashika kinywa. Kimya kikatembea kutoka meza hadi meza, mpaka mpiga fidla akabaki ameinua upinde. Mtu asiyealikwa hujifunika kwanza. Yeye alikuwa na uso wake mtupu.

Nuala alisimama. Alimtazama yeye, akanitazama mimi na yale mabua, akaelewa. Malachy alimpungia mkono kidogo, ishara ya kumwambia subiri, mwanangu, nakuja kwako. Akapita kando ya kile kiti. Hapo alisita, akaigusa shali kwa ncha za vidole, akaendelea.

Colman alikuwa ameshatoka mezani, anamjia na mkono mbele. "Umerudi," akasema. "Ndugu yangu, umerudi."

Malachy hakuushika ule mkono.

"Sikurudi. Ndiyo kwanza nimefika," akasema. "Yule hakuwa mimi. Alikuwa Attracta."

Colman akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniona mlangoni na kofia ya mabua kwapani. Mkono wake ukabaki hewani, hajui aushushe au auache. Nilifikiri nitafurahi kumwona vile. Sikufurahi.

"Basi amekuambia," akasema.

"Ameniambia. Lakini mimi sikusikia kwako. Niambie mimi."

"Tutoke nje, Malachy. Tafadhali. Kesho nitakuja kwako, nitakaa jikoni kwako, nitakueleza yote." Akateremsha sauti. "Si hapa. Si mbele ya watu."

"Makaburini ulisema mbele ya watu," Malachy akamjibu.

Hakupaza sauti. Hata meza za nyuma waliuliza baadaye alisema nini. Colman alitazama kulia, wakwe wapya wamekaa na vijiko mikononi. Alitazama kushoto, padri yuleyule wa maziko. Mwishoni alimtazama binti yake, na Nuala hakumsaidia. Alisimama tu na gauni lake jeupe lenye vipande vya majani, anasubiri kama sisi wote.

Colman aliushusha mkono. Akatazama soksi za mdogo wake.

"Simu ililia," akaanza.